Goti Lisilouma Si Goti Lililopona

Juzi usiku dada mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, alinitumia ujumbe kuhusu mdogo wake. Kijana ni winga wa timu ya mtaani. Aligeuka na mpira, hakuguswa na mtu, goti likaenda upande na mwenyewe akaenda chini. Usiku huohuo likavimba. Wakaenda kupiga eksirei, wakaambiwa mfupa ni mzima, wakapewa dawa za maumivu. Sasa uvimbe umeshuka, anatembea, anapanda bodaboda, na timu yake imeingia fainali. "Dadangu, goti haliumi tena hata kidogo. Acheze?"

Nilimjibu kwamba asiguse mpira mpaka daktari wa mifupa alishike goti lile kwa mikono yake. Lakini kijana wa umri ule hazuiliki kwa neno fupi, na jumbe za namna hii huniongezekea kila Ramadhani inapokaribia na mashindano ya usiku yanapoanza kutangazwa mitaani. Kwa hivyo leo naandika kirefu, na nyinyi mnaopenda mpira kama ninavyoupenda mimi mtanivumilia.

Mimi niliumia vilevile. Nilikuwa beki wa kushoto, na siku hiyo tulicheza kwenye uwanja mmoja wa upande wa Likoni, mchanga hapa, ardhi ngumu pale. Niliruka kuupiga mpira kichwa, nikatua kwa mguu mmoja, nikataka kugeuka. Kabla ya maumivu nilisikia mlio, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa kwa mkono. Mchezaji mwenzangu aliyekuwa karibu aliusikia pia. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limejaa kiasi kwamba pia ya goti haikuonekana tena.

Mkumbuke hilo la muda, kwa sababu lina maana kubwa. Goti likivimba ndani ya saa chache baada ya kuumia, mara nyingi ile ni damu iliyovujia ndani ya kiungo, na sababu inayoongoza kwa wachezaji ni kukatika kwa kano ya mbele ya goti, kamba inayoshikanisha mfupa wa paja na wa mguu, ile ambayo watangazaji wa mpira huita ACL. Uvimbe unaokuja polepole, ukaonekana kesho yake asubuhi, mara nyingi ni maji, na huko daktari atafikiria zaidi gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti. Mlio, uvimbe wa haraka, na goti linalolegea unapotaka kugeuka: mtu akikueleza mambo hayo matatu kwa pamoja, usimwambie ameteguka tu.

Mimi niliambiwa nimeteguka tu. Sitaitaja kliniki ile. Walipiga eksirei, wakaitundika kwenye mwanga, wakasema hakuna kilichovunjika, pumzika, meza dawa, nenda nyumbani. Aliyenihudumia hakuligusa goti langu hata mara moja. Miaka imepita na bado jambo hilo huniuma, kwa sababu eksirei huonyesha mfupa, na kano haionekani humo. Picha safi ya eksirei kwa mchezaji aliyeumia bila kuguswa inakuambia mfupa hauna tatizo, basi. Kuhusu kano haijasema lolote.

Nilipofika hatimaye kwa daktari bingwa wa mifupa, hakuanza na mashine. Alinilaza chali, akalikunja goti kidogo tu, kama nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja akashika paja juu ya goti, mwingine akashika mguu chini yake, akavuta mbele. Akaanza na mguu mzima ili nihisi tofauti: unavutwa kidogo, kisha unakataa, tap. Kisha ule ulioumia. Ukaja mbele, ukaendelea kuja, wala hakukuwa na mahali pa kukataa. Kipimo chenyewe hakimalizi dakika moja na hakihitaji umeme. Picha ya MRI ilikuja baadaye kuthibitisha na kuangalia kama gegedu nalo limechanika. Kwa hivyo ukimpeleka mwanao au mdogo wako hospitalini, mvalishe kaptura, na daktari akikuandikia dawa bila kuyashika magoti yote mawili na kuyalinganisha, mwombe kwa heshima ayashike. Una haki hiyo. Kama huna daktari wa kumwendea, Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya umma kwa ukanda wetu, na daktari wa zahanati yoyote anaweza kukuandikia barua ya kwenda huko.

Nirudi nyumbani kwetu siku ile ya kwanza. Shangazi yangu alikuja na mkandaji wake, mama mtu mzima anayeheshimika sana mtaani, na chupa ya mafuta ya kupasha moto. Mamangu alimpokea, akampa chai, kisha akamwambia shangazi kwa upole, "Wifi, tungoje uvimbe ushuke kwanza." Wifi hakufurahi. Lakini mamangu alikuwa sawa kabisa, na nampa sifa zake hapa hadharani. Siku mbili tatu za mwanzo goti lenye damu ndani halitaki moto wala kukandwa; mishipa ya damu inafunguka na uvimbe unazidi. Alinipa barafu iliyofungwa kwenye leso, dakika 15 hadi 20, anaondoa, baada ya muda anarudisha, mguu ukiwa juu ya mito. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja.

Ipo hali ambayo haingoji leso wala kesho. Goti limekwama, halinyooki wala kukunjika. Umbo limekaa vibaya. Unyayo umekuwa baridi au umekufa ganzi. Goti ni la moto na mtu ana homa. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa kuhusu kocha. Kocha wangu wa wakati ule aliwaambia wenzangu kwamba najidekeza. Uvimbe uliposhuka na maumivu yakaisha, akanishauri nipigwe sindano ya maumivu kabla ya mechi, "kama wanavyofanya wakubwa." Nilikataa, na nafasi yangu ikapewa mtu mwingine, na kwa muda mrefu hakuna aliyenipigia simu. Niliyaona machungu hayo peke yangu, na leo nasimama nikisema nilikuwa na haki.

Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wachezaji wetu wanapopotea. Kano iliyokatika haiendelei kuuma. Maumivu ya mwanzo yanatokana na damu iliyojaa na nyama zilizovurugika, na mwili ukishaiondoa damu ile, maumivu yanaondoka nayo. Kano inabaki imekatika. Kazi ya kano hiyo ni kuzuia mfupa wa mguu usiteleze mbele na usizunguke chini ya paja, na kwenda moja kwa moja hakuiombi kazi kubwa. Ndiyo maana kijana anazunguka soko la Kongowea na mkoba begani na anaona yuko sawa. Goti langu mimi lilinisema kwenye mteremko wa feri. Kupanda sikuona shida. Kuteremka, umati unanisukuma kutoka nyuma, kila hatua nililazimika kushika chuma cha pembeni, kwa sababu msuli wa paja ulikuwa umenyauka na goti lilitaka kukimbilia mbele. Halikuuma. Lililegea.

Na kila linapolegea uwanjani, mifupa miwili inalisaga gegedu lililo katikati. Gegedu likichanika na kulika, mchezaji wa miaka ishirini na kitu anajitafutia goti la mzee kabla ya kufika makamo. Sindano ya diklofenaki, ile dawa ya maumivu, haizuii lolote kati ya hayo. Inachoondoa ni onyo, na ikizoeleka inaumiza tumbo na figo. Kocha anayempeleka mchezaji duka la dawa badala ya hospitali anakula mtaji wa mtu mwingine.

Je, lazima upasuaji? Watu wengi wanaoniandikia wamekata tamaa kwa sababu ya fedha, na nataka wasikie jambo hili. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha utafiti wa vijana 121 wanaopenda michezo, wote wamekata kano hii. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi. Nusu walianza na mazoezi, wakaachiwa nafasi ya upasuaji baadaye wakihitaji. Baada ya miaka miwili hali za makundi yote mawili hazikutofautiana, na katika kundi la pili zaidi ya nusu walikuwa hawajapasuliwa. Kwa hivyo anayesema bila kisu umekwisha, hasemi kweli. Kwa mtu anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka na kuruka, na goti lake linalegea hata baada ya mazoezi, upasuaji una nafasi yake. Mimi nilipasuliwa. Walichukua kamba ya msuli wa nyuma ya paja langu mwenyewe wakaifanya kano mpya. Kabla ya hapo daktari aliningojesha mpaka goti litulie na linyooke kabisa, na nawashauri msimharakishe daktari anayefanya hivyo. Mambo ya malipo ulizeni mapema, kabla ya tarehe ya kulazwa: SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ofisi ya hospitali ndiyo itakayokuambia bima inalipa kiasi gani na wewe unabakiwa na nini.

Miezi ya katikati sitawachosha nayo. Ni kuvuka feri, kufanya mazoezi, kuvuka tena. Nitawaonyesha zoezi moja tu, la kwanza kabisa nililopewa na fizio wangu, mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Unakaa kitandani, mguu umenyooka, unaviringisha taulo ndogo na kuiweka chini ya goti. Unaibana taulo kwa nyuma ya goti, unakaza msuli wa juu ya paja, unahesabu mpaka tano, unaachia. Siku ya kwanza niliuamuru msuli na haukusikia. Niliuona umelala tu, ngozi haikutikisika. Fizio akaweka vidole viwili juu ya pia ya goti akaniambia, "Usikaze uso, kaza hapa." Siku kadhaa baadaye ukatikisika, mdogo mno, na nikamwita mamangu aje aone. Mtu anayelidharau zoezi hili kwa kuwa ni dogo hatafika kwenye makubwa.

Na hapa mtego unarudi kwa sura nyingine. Karibu na mwezi wa tatu au wa nne baada ya upasuaji, goti haliumi, mguu umenyooka, unaanza kukimbia polepole ufukweni pale Pirates, na kila mtu anakuambia umepona. Kumbe kano mpya bado inajengwa upya ndani, na nguvu yake haijafika. Utafiti wa wachezaji wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa kila mwezi mchezaji aliosubiri, mpaka kufika mwezi wa tisa, kiwango cha kuumia tena kilishuka kwa asilimia 51. Kila mwezi mmoja! Beki wa Uholanzi Virgil van Dijk aliumia kano hii Oktoba 2020 na msimu ule haukumwona tena, na kiungo wa Hispania Rodri aliumia hiyohiyo Septemba 2024 akakaa nje karibu msimu mzima. Hao wana madaktari asubuhi na jioni. Wewe wa timu ya mtaani nani kakuambia utarudi kwa miezi mitatu?

Tena miezi tisa peke yake haitoshi. Nguvu ya paja la mguu ulioumia ifike angalau asilimia 90 ya mwenzake. Ruka kwa mguu mmoja, pima umbali kwa futi ya fundi, ruka kwa wa pili, linganisha. Fizio akuangalie unavyotua: goti likiingia ndani, hujamaliza. Mimi nilipopita vipimo hivyo nilirudi, nikacheza mechi nzima, na msimu uliofuata nikavaa kitambaa cha unahodha. Nasema hilo kwa fahari na simwombi mtu msamaha.

Siku hizi nafundisha wasichana, na neno langu la mwisho ni kwa makocha wenzangu. Katika soka, wasichana hukata kano hii takriban mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana, na bado tunawaleta uwanjani, wanazunguka mara moja, wanaanza mechi. Upo mpango wa kupasha mwili wa FIFA uitwao 11+, wa tangu 2006: kukimbia, kujisawazisha kwa mguu mmoja, kukaza tumbo na nyuma ya paja, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole vya mguu. Ulipojaribiwa kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 huko Norway, majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, unachukua kama dakika 20, na ufanywe angalau mara mbili kwa wiki. Mkiniambia hakuna muda kwa kuwa uwanja mnaupata saa kumi, waiteni wachezaji saa kumi kasoro dakika 20, na mazoezi hayo wafanyie pembeni, hata kwenye kivuli cha mwembe, timu iliyotangulia ikiwa bado inamalizia.