Mbona miche ya shule haifiki Agosti?

SWALI: Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi wilayani Chamwino, Dodoma. Mwaka jana wanafunzi walipanda miche 100 ya mwarobaini na mjohoro kuadhimisha Siku ya Misitu Duniani. Kufikia Agosti ilibaki saba. Tulikosea wapi?

JIBU: Mwalimu, kosa la kwanza ni tarehe. Siku hiyo huangukia 21 Machi, na Dodoma wakati huo mvua zinaaga. Msimu wenu ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, kisha ukame wa miezi saba. Mche uliopandwa mwishoni mwa Machi haupati muda wa kushusha mizizi. Pandeni shule zikifunguliwa Januari, udongo ukiwa umelowa hadi kina cha sentimita 30. Chimbueni kidogo kwa jembe muone. Mashimo yachimbwe Novemba kabla ya likizo, ili mvua za Desemba ziyakute wazi.

Shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina hicho hicho. Udongo wa juu uwekwe upande wake, wa chini upande wake. Ule wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kisha urudi shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Udongo wa chini jengeeni tuta la nusu mwezi, upande wa chini wa mteremko, likinge maji ya mvua.

Sasa kiriba, yaani mfuko wa plastiki unaobeba mche, ambacho huua miche mingi kimyakimya. Mwagilieni saa chache kabla ya kupanda ili udongo ushikamane. Watoto wabebe kiriba kwa mikono miwili, kamwe wasishike shina. Wembe ubaki kwa mwalimu. Kata kitako cha kiriba pamoja na sentimita moja ya udongo, kwa sababu hapo mzizi mkuu huwa umejizungusha. Ukiachwa utaendelea kujizungusha, na mti utakuja kuangushwa na upepo. Kisha pasua ubavu kutoka juu hadi chini bila kuvunja bonge la udongo. Mche usimame usawa ule ule uliokuwa nao kitaluni, maana shina likifukiwa huoza. Shindilieni udongo pande zote, mifuko ya hewa isibaki kwenye mizizi. Mwisho, hesabuni viriba: miche kumi, viriba kumi mkononi. Kikikosekana kimoja, kuna mche uliofukiwa na plastiki yake, na utafutwe siku hiyo hiyo.

Kosa lingine ni idadi. Katika kiangazi cha kwanza kila mche unahitaji ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki. Miche 100 ni lita 2,000 kila wiki. Shule gani ya Chamwino ina maji hayo? Darasa la watoto 50 lipande miche 10, watoto watano kwa mche, na zamu ya likizo ya Juni ipangwe kwa majina ya wanaoishi jirani. Zungushieni kila mche matawi ya miiba yafike kifua cha mtoto, maana mbuzi mmoja humaliza kazi ya darasa zima asubuhi moja. Tandazeni nyasi kavu, lakini ziache nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina. Mkiona mchwa, ondoeni nyasi, wekeni kokoto.

SWALI: Shule yetu ipo Machakos, Kenya. Tumepewa miche ya grevilea yenye urefu wa mita moja kwenye viriba vidogo. Si ndiyo itakua haraka?

JIBU: Hapana. Mche mrefu kwenye kiriba kidogo una majani mengi kuliko mizizi inayoweza kuyanywesha, na jua la wiki ya kwanza huukausha. Ombeni ya sentimita 30 hadi 45, yenye shina gumu linalosimama lenyewe bila kijiti. Geuzeni kiriba mtazame chini: mizizi minene ikiwa imetoboa na kuingia ardhini, itakatika wakati wa kung'oa, na mche huo msiuchukue. Wiki tatu kabla ya kupanda, kitalu kiupunguzie mche maji na kivuli hatua kwa hatua, uzoee jua la uwanjani.