Maswali ya Wasomaji: Picha ya Forodhani Ilipigwa Mwaka Gani?

SWALI: Katika makaratasi ya marehemu babu yetu tumekuta postikadi yenye picha ya Forodhani, Unguja, inayoonyesha Beit al-Ajaib (jumba la kifalme) na mnara wake wa saa, mahamali wanaovuta rukwama, na reli inayopita mbele yao. Stempu imepigwa muhuri wa mwaka 1912, lakini shangazi anashikilia kwamba picha ni ya kabla ya vita vya Waingereza na Seyyid Khalid. Nani yuko sahihi? Tena, je, tuitie laminesheni ili isizidi kuchakaa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Muhuri unaeleza siku kadi ilipotumwa, si siku picha ilipopigwa, kwa sababu wenye studio waliweza kuendelea kuuza picha moja kwa miaka kadhaa. Mwaka 1912 basi ni mpaka wa mwisho tu.

Mpaka wa mwanzo tunaupata kwenye mnara. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, mnara wa taa na saa ulisimama peke yake mbele ya makasri, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita hivyo na Seyyid Khalid aliyejitwalia usultani, manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa nzima, mnara huo ukaharibika vibaya, na ulipoondolewa ukajengwa mwingine ulioshikana na uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Ikiwa kwenye kadi yenu mnara unachomoza katikati ya baraza za jengo, shangazi atuwie radhi: picha ni ya baada ya vita. Ukiwa umesimama kando, na maji karibu yake, ushindi ni wake.

Reli nayo inasaidia, ila kwa tahadhari, maana Barghash alikuwa na reli yake ya kwenda Chukwani katika miaka ya 1880. Ile ya Bububu, iliyoanzia karibu na Ngome Kongwe, ilifunguliwa mwaka 1905. Mnara mpya na reli vikionekana pamoja, picha itakuwa ya kati ya 1905 na 1912, na sidhani kama mtaweza kuibana zaidi ya hapo kwa macho peke yake. Someni pia maandishi madogo ya pembeni, kwani studio za Wagoa kama A. C. Gomes na Coutinho zilizoea kuchapa majina yao. Majina ya mahamali msiyatarajie; waliochapa kadi hizi walijali kutaja kasri, na mvuta rukwama wakamwita “mwenyeji” basi.

Kuhusu laminesheni, nawasihi msithubutu. Joto la mashine na gundi ya plastiki huishika karatasi moja kwa moja, na hakuna fundi atakayeibandua bila kuichana. Ipigeni skani pande zote mbili, kwa kiwango cha dipiai (nukta kwa kila inchi) 600 au zaidi, kisha muihifadhi ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu wa pwani. Maelezo ya shangazi yaandikeni kwenye karatasi ya pembeni, pamoja na jina lake na tarehe, hata pale asipokubaliana nami. Na nakala ya skani ipelekeni kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar, kwani mnara huo wa pili nao uliporomoka Desemba 2020.