Kila Desemba nyumba hujaa, nami naishia jikoni

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa Kisauni mwaka wa saba sasa. Shule zikifungwa Desemba, mawifi zangu wawili huja na watoto wao kutoka Nairobi kupumzika. Wao wakishakunywa chai wanakwenda zao baharini, mimi niko na masufuria tangu alfajiri mpaka isha. Mwaka jana mwanangu aliniuliza, "Mama, kwani wewe huna likizo?" Safari hii nataka kumwambia mume wangu kuwa mamangu anaumwa, niende Malindi mpaka waondoke. Nitakuwa nimekosa? – Mchovu, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Kuchoka una haki ya kuchoka, lakini usimzulie mamako ugonjwa. Wifi atapiga simu kumjulia hali, mumeo atataka kwenda kumwangalia, na mavyaako akija kuujua ukweli, hakuna atakayezungumzia uchovu wako tena. Litakalozungumzwa ni uongo wako tu.

Nikisoma barua yako, simwoni wifi mbaya. Namwona mume anayealika kwa simu, kisha kazi yote ikakuangukia wewe. Hao wageni wanayakuta mahamri mezani saa moja asubuhi, ya moto, yamefura. Hawajui kwamba unga uliukanda usiku kwa tui na iliki, ukaamka saa kumi kusukuma na kukata, ukasimama juu ya karai la mafuta kwenye joto hili la kaskazi, na mbaazi bado zinangoja tui zito. Kabla jasho halijakauka unachagua mchele wa pilau. Nani atajua, ikiwa husemi?

Basi sema. Ngoja watoto walale, ukae na mumeo. Usianze na "ndugu zako wananitesa", utamfanya awatetee. Mwambie, "Nami nataka kutembea na wanangu." Kisha muombe pesa ya chakula cha kununua. Mombasa hii mtaa gani hauna mama wa mahamri na mbaazi? Jioni kuna viazi karai, bajia na mishikaki. Pilau yako ipikwe Ijumaa, itapendwa zaidi.

Na wifi mpe upawa. Huyo ni mwana wa nyumba. Hata mgeni hasa siku ya tatu hupewa jembe. "Wifi, mimi nakuna nazi, wewe kaanga samaki," basi. Wengi hukaa tu kwa kuogopa kuingilia jiko la mwenzao.

Halafu toka nao. Fort Jesus nendeni asubuhi, jua halijakuwa kali. Watoto watazame mizinga na kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593, kisha mpite Mji wa Kale kwa miguu, polepole, mkiangalia milango ya nakshi. Haller Park haiko mbali na kwenu. Pale palikuwa mashimo matupu ya kuchimba mawe ya saruji, mivinje ikaanza kupandwa mwaka 1971, na leo watoto wanalisha twiga kwa mikono yao. Mimi napapenda sana. Baharini muulizie maji kwanza: yakipwa wadogo watacheza kwenye vidimbwi bila wewe kushika roho. Jioni moja kaeni Mama Ngina, pale kando ya bahari, mle mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, mnywe madafu, mtazame meli zikiingia Kilindini. Siku nyingine msiende popote. Tandika mkeka, lala, watoto wapige kelele zao.

Malindi pia nenda, lakini kwa kuaga. Mwambie mumeo unataka siku mbili tatu kwa mamako, yeye abaki na dada zake awe mwenyeji kwelikweli. Mama mzima naye anastahili kutembelewa, si lazima augue.

Zungumza naye wiki hii, mwanangu. Viti vya treni ya Desemba hujaa mapema, na dada zake wakishakata tiketi atakwambia ni aibu kubadilisha mambo.