Mombasa hadi Malindi kwa gari, siku tatu

Dada, umeuliza kama siku tatu za safari na mama zinatosha: zinatosha kabisa. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Kinachochelewesha ni foleni ya Mtwapa, basi tokeni alfajiri. Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale karibu na Mtwapa, pitieni asubuhi, msikiti wake uko hatua chache tu na bahari. Kilifi ni kula na kuvuka daraja. Ila nakusihi, Gede, magofu mengine ya mji wa kale, ipeni nusu siku nzima: nyumba zina majina ya vitu vilivyofukuliwa humo, kama mkasi na kijisanduku cha pembe, na kuna kaburi lililochongwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mama avae viatu vya kufunga, mizizi imetambaa njiani. Malindi, Nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, nusu saa tu.