GIF Inateleza Kwako, kwa Mteja Inatambaa

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, GIF yangu inazunguka vizuri kwenye programu niliyoitengenezea, nikiifungua kwenye kivinjari inatambaa. Kompyuta imechoka?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hilo donda ninalo na mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza GIF, yaani faili ya picha zinazopishana haraka mpaka zionekane zinatembea. Ilikuwa nembo inayozunguka, kwa mteja niliyemhangaikia sana kumpata. Fremu 60, yaani picha 60 zinazopishana, mzunguko mmoja kwa sekunde moja. Kwenye skrini yangu ilikuwa inateleza kama maji. Nikaituma bila kuifungua mahali pengine popote, kwani ningeifungulia nini wakati macho yangu yameshaona? Saa moja baadaye likaja jibu: "Mbona kama inavutwa na kamba?" Nikamwambia intaneti yake iko chini. Nilimwambia kwa kiburi, na nikikumbuka bado nasikia aibu. Akarekodi skrini yake akanitumia. Mzunguko mmoja ulichukua sekunde 6. Sita!

Siku mbili nzima nilikilaumu kivinjari. Kumbe kosa lilikuwa ndani ya faili niliyoituma mwenyewe.

Iko hivi. GIF haijui habari za fremu ngapi kwa sekunde. Tangu toleo lake la mwaka 1989, kila fremu hubeba namba yake inayosema isubiri muda gani kabla ya kuipisha inayofuata. Namba hiyo huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, tena namba nzima tu. Fremu 60 kwa sekunde zinadai kusubiri 1.67, na hiyo haiandikiki. Programu yangu ikakata desimali, ikaandika 1. Ilipokuwa ikinionyesha kazi haikuwa inasoma faili hata kidogo, ilifuata ratiba yake ya ndani.

Vivinjari vya leo navyo vina desturi yao: vikikuta 0 au 1 havikubali, vinaweka 10. Internet Explorer ya zamani ilikuwa kali zaidi, chochote chini ya 6 ilikipeleka 10. Piga hesabu: fremu 60 mara 10 ni 600, yaani sekunde 6. Ndiyo kamba aliyoiona mteja wangu. Programu nyingine ya kutazamia picha inaweza kuitii ile 1 kama ilivyo, nembo ikazunguka kama feni. Faili moja, mwendo tofauti kila mahali, na hakuna aliyeharibu kitu.

Nilipunguza fremu zikawa 50, kila moja nikaipa 2. Ikatimia sekunde moja kila nilipoifungua. Mteja alikuwa ameshampa kazi mtu mwingine.

Sasa nisikilizeni, maana najua wengi wenu mnataka kuishi kwa kazi hizi kama mimi. Tunapenda mno kujisifia kazi kabla haijatoka mezani kwetu. Acheni! Fungua faili yenyewe unayotuma, siyo mradi ulio ndani ya programu. Ifungue kwenye kivinjari, tena kwenye simu, kabla mteja hajaiona. Ile namba ya kusubiri usiiache 0. Anzia 2, mimi siku hizi naweka 4, fremu 25 kwa sekunde, na hakuna aliyewahi kulalamika. Ukigeuza video ya fremu 30 ujue inadai 3.33; programu ikikata ikaandika 3, fremu 90 ulizotegemea zichukue sekunde 3 zitaisha kwa 2.7. Ukitaka 60 kwa lazima, achana na GIF. Kuna aina nyingine za faili za picha zinazotembea: WebP inahesabu kwa milisekunde, na APNG inakubali hata sehemu kama moja ya sitini ya sekunde, ilimradi unakoipeleka wanazipokea. Na narudia: fungua faili, siyo mradi.

Msomaji wangu alinijibu jana. Fremu zake 48, zote zilikuwa na 0.