Chanjo "ilichelewa", kuku "wakafa": na wewe ulikuwa wapi?

BARAZANI KWA MWALIMU

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfugaji mdogo hapa Kibaha. Nilijenga banda zuri, nikaweka taa za joto, nikanunua vifaranga 300 wa mayai kwa mkopo wa kikoba cha mke wangu. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa virusi unaoua kuku) ya siku ya 7 niliwapa, ya Gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi vya kuku) siku ya 14 niliwapa. Ile ya kideri ya kurudia siku ya 21 ikachelewa, ikapatikana siku ya 30 kutoka Kariakoo, kumbe ilikuwa imeharibika. Siku hiyo kulikuwa na msiba Mbezi, hivyo kichupa kilikaa mfukoni mwa shati mpaka jioni. Siku ya 33 kuku wakaanza kuharisha kijani na kupinda shingo. Ndani ya siku sita wakafa 214. Shemeji yangu, kijana wa miaka 18 anayelala pale bandani, hakuniambia mapema kuwa kuku wamezubaa. Mke wangu naye ndiye aliyenielekeza kwenye duka lile. Sasa wanakikoba wanadai marejesho, mke amenuna, na mimi nataka kumrudisha kijana kwao Singida nianze upya na mtu makini. Mwalimu, nakosea?
Mfugaji, Kibaha

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kuku 214 si kidogo, na harufu ya banda lenye kideri naijua.

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 31, kwa hiyo unisamehe, barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Angalia vitenzi vyako. Nilijenga, nikaweka, nikanunua, niliwapa, niliwapa. Mtu huyu yupo, anafanya kazi. Tunafika siku ya 21, ghafla hayupo tena. Chanjo "ikachelewa". "Ikapatikana". "Ilikuwa imeharibika". Na kichupa, maskini, "kilikaa mfukoni", utadhani kilipanda chenyewe kutoka Kariakoo, kikaona shati linapita, kikaingia.

Lugha yetu imetupa kauli ya kutendeka, na tunaipenda mno. Mtoto akiangusha glasi husema, "Mama, glasi imevunjika." Nimesikia hivyo darasani maelfu ya mara: daftari limechanika, kalamu imepotea. Sikuwahi kumchapa mtoto kwa hilo, lakini nilikuwa namwambia aseme tena aanze na ni-. Wengine walilia kabla hawajafika mwisho wa sentensi.

Sasa tuhesabu. Kutoka siku ya 21 hadi ya 30 ni siku tisa. Hapo duka halijaingia, mkeo hajaingia, shemeji hajaingia. Ulikuwa unasubiri nini? Hukuandika, na mimi sitabahatisha.

Twende kwenye kichupa. Chanjo hiyo ina virusi hai waliopunguzwa makali, nayo hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ndiyo maana muuzaji anayejua kazi yake hukufungia na barafu. Mfuko wa shati una joto la mwili wako wewe, hapo ongeza jua la Mbezi na kukaa chini ya turubai na waombolezaji. Huenda duka lile lina friji bovu, sikatai. Lakini kichupa kilipovuka kaunta kilikuwa chako. Tena hata kingekuwa kizima kama kilivyotoka kiwandani, kinga haijengeki kwa usiku mmoja, huchukua wiki moja au mbili. Kuku walioanza kuumwa siku ya 33 hawakuwa na wiki hiyo. Kwa hiyo kesi ya duka, na ya mkeo aliyekuelekeza, tuifunge hapo.

Ya shemeji ndiyo iliyonikera. Kideri hakina tiba. Angekuamsha saa nane usiku akakuambia kuku wamezubaa, ungefanya nini? Ungewatenga wagonjwa, pengine ungeokoa wachache. Na je, ulishamwonyesha kuku aliyezubaa anavyosimama, mabawa yameshuka, macho nusu? Au ulimpa ndoo ya maji na debe la chakula ukadhani mengine atayaota?

Usidhani nakusema nikiwa nimesimama mlimani. Mwaka wangu wa pili wa kufuga, hapa Morogoro, nilipoteza kuku 60 na kitu kwa kideri hikihiki. Jirani yangu alikuwa na kuku wa kienyeji wanaozurura mpaka mlangoni kwangu, nikajua moja kwa moja ni wao. Nilimsema kisimani, nikamsema kanisani, salamu ikakatika. Alipokuja bwana mifugo nikamweleza habari za jirani kwa kirefu. Akanisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Chanjo uliichanganya na maji gani, Mwalimu?"

Ya bomba. Wiki ile maji yalikuwa yananuka dawa hadi chai haikunyweka. Klorini ile inaua virusi wa chanjo. Habari ya maji ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ambayo nilikuwa nimeikunja nikaisukumia chini ya beseni.

Ilinichukua siku kumi na moja kwenda kwa jirani. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikasema, "Nilikusingizia. Kuku niliwaua mimi kwa maji ya bomba." Hakuacha kupepeta. Akasema, "Kigoda hicho hapo." Hatukurudia tena habari hiyo, ila kuku wake aliendelea kutowafungia, na hilo, kwa kweli, ni kosa lake yeye.

Kwako, anza na mkeo, maana mkopo uko kwa jina lake na ndiye anayeangaliwa usoni kila siku ya kikao. "Amenuna" liache, huna haki nalo kwa sasa. Mwambie: nilichelewesha chanjo siku tisa, nikaitembeza mfukoni msibani. Ishie hapo. Ukisikia "lakini" inapanda kooni, imeze.

Kikao kijacho nenda naye. Usijieleze kuhusu kideri, wanakikoba wanataka tarehe. Umebaki na kuku 86. Wakipona vizuri wataanza kutaga kwenye wiki ya 18 hadi 20, basi omba marejesho madogo mpaka hapo, kisha utaje ni trei ngapi za mayai kwa wiki zitakwenda kwenye deni. Usiingize kifaranga mwingine banda lile kabla hujatoa maranda yote na kupiga dawa.

Kijana abaki. Mwombe radhi mbele ya dada yake, kisha mwandikie tarehe za chanjo ukutani kwa chaki, kubwa, azione akilala. Nauli ya Singida inunulie kibebeo cha barafu.