Nishati ya bahari niliianza kuisomea Kiwira

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa uhandisi hapa Mbeya aliniuliza: "Mwalimu, sisi watu wa milimani bahari tutaijulia wapi mpaka tuifanyie utafiti?" Nilimwelewa. Nimekulia Tukuyu, na bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 21. Leo natafiti umeme wa mikondo ya bahari, na msingi wake niliupata mtoni Kiwira.

Mafundi walikuja kupima maji kwa ajili ya mtambo mdogo wa umeme. Walichomeka vijiti viwili kandokando ya mto, mita 10 kati yake, nami nikapewa kazi ya kudondosha machungwa. Chungwa huzama karibu lote, kwa hiyo upepo haulisukumi. Fundi alishika saa, tukarudia mara kumi, kisha wastani wa kasi ukazidishwa kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe. Mikono iliniganda kwa baridi, nikauliza kwa nini mara moja haitoshi.

Jibu kamili nililipata miaka mingi baadaye. Kwa mtambo unaoshushiwa maji kwa bomba, ukikosea kasi kwa asilimia 10, umeme uliokadiria nao unakosewa kwa asilimia 10. Baharini, ambako pangaboi linazungushwa na mkondo wenyewe, nguvu hufuata kasi kwa kipeo cha tatu: kasi ikiwa mara 2, nguvu ni mara 8. Ukikadiria kasi kupita ilivyo kwa asilimia 10 tu, umeongeza nguvu ya theluthi nzima ambayo haipo.

Ndiyo maana wadogo zangu wanaoniletea michoro mizuri ya mitambo huwa nawaomba kwanza vipimo vya mwezi mzima. Si ukatili. Ndani ya mwezi mmoja bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, huja mara mbili, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mara mbili. Aliyepima siku tatu za bamvua atadhani amepata mgodi.

Jifunzeni pia kutu. Nikiwa masomoni nilifunga fremu ya alumini kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, nikijisifu kwamba nimeweka kitu imara. Miezi michache baadaye tuliivuta juu ikiwa imelika kuzunguka kila bolti, matundu yamepanuka, kipimo kimoja kimeshadondoka na data zake zote. Metali mbili ndani ya maji ya chumvi hugeuka betri, na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Niliumia sana. Tangu siku ile natenganisha metali kwa plastiki na kufunga kipande cha zinki kiliwe badala ya fremu.

Kuhusu ajira, msidanganywe: njia ni ndefu. Umeme wa kupwa na kujaa umethibitika. Mtambo wa La Rance nchini Ufaransa, wa megawati 240, unafanya kazi tangu 1966. Mawimbi bado yanasumbua. Pelamis, mtambo wa umeme wa mawimbi, ilipeleka umeme kwenye gridi huko Uskoti mwaka 2004, na kufikia 2014 kampuni yake ilikuwa imefilisika. Kwa hiyo shikeni ujuzi unaohama: kupima maji, kuzuia kutu, kusoma data. Huo utawafaa kwenye mitambo ya umeme wa maji ya Kihansi na Mtera vilevile.

Jumamosi nashuka Kiwira na yule mwanafunzi. Nimemwambia aje na kamba, saa na machungwa kumi.